Mbwa wa Dada Yangu na Ugwe wa Ukindu

Dada yangu alikuwa na mbwa ambaye hakumwona mbwa mwingine mpaka alipokuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyemfanya awe vile. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu, mimi pia ndiye niliyepewa siku za kumtengeneza. Watu wa rika langu waliobaki ni wachache, na wengi wao hawapendi kuzungumza juu ya miaka ya vita vya Maji Maji. Hata mimi sipendi. Lakini mbwa yule naweza kumzungumzia, na nikimzungumzia yeye, yale mengine hujileta yenyewe.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Mkongo, hatua chache kutoka bondeni mwa mto. Nilikuwa kijana niliyehitimu chuo cha Kurani, nafundisha watoto katika baraza ya baba yangu. Dada yangu mkubwa aliolewa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mumewe, shemeji yangu, alikuwa fundi wa kuwinda nguruwe. Sisi ni Waislamu, nguruwe hatumli, lakini yeye anakula mpunga wetu na mahindi yetu bila kuuliza dini ya mtu. Kwa hiyo anawindwa, na nyama yake huachiwa mbwa.

Shemeji alikuwa na mbwa jike mwenye rangi ya udongo mwekundu. Jike yule alikuwa na sauti yake peke yake. Alibweka mara mbili kwa mkato, kisha akavuta sauti ya tatu juu, kama mtu anayeuliza swali. Kijiji kizima kiliijua sauti hiyo. Watoto wangu wa chuo walikuwa wakiiiga nikiwapa mgongo, nami nilijifanya sijasikia kwa sababu na mimi ilinichekesha.

Watu wa milimani walipong'oa pamba ya Mjerumani, habari za dawa ya maji zilishuka mpaka kwetu. Baba yangu alisema maji ya kumkinga mtu na risasi hayajui, anayajua ya udhu tu, na hakuondoka barazani. Shemeji alikwenda. Asubuhi ile alinikuta nachota maji, akaniambia, "Mwalimu, wewe baki na juzuu zako. Mimi nitarudi kabla jike hajazaa."

Jike akazaa wawili. Mmoja alikufa siku ya tatu. Shemeji hakurudi.

Kisha tukaanza kuona moshi. Kwanza mbali, upande wa vilimani, halafu karibu zaidi. Askari walikuwa wakichoma vijiji na ghala za nafaka. Wazee wetu wakaamua tuvuke mto, tukajifiche kwenye visiwa vya matete katikati ya mikono ya maji, ambako kila ukoo ulikuwa na madungu ya zamani. Dungu ni kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu, ambamo mkulima wa bondeni hukaa kulinda shamba, na mafuriko yakija maji hupita chini yake. Katika uamuzi ule kulikuwa na sharti moja. Mbwa asivuke hata mmoja. Mbwa akibweka kisiwani, sauti yake inatembea juu ya maji mpaka ng'ambo, na askari watajua tulipo. Na mbwa wakiachwa kijijini watatufuata ukingoni na kulia pale tulipopandia mitumbwi. Kila mwenye mbwa ammalize mwenyewe.

Mwenye jike yule hakuwapo. Dada alinitazama, akaingia ndani. Nikajua ni kazi yangu.

Nilimwita jike nyuma ya nyumba, naye akaja anatikisa mkia, maana mimi nilikuwa mtu wa nyumbani. Nilitumia ugwe wa ukindu wa kufungia mizigo. Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nitasema kwamba hakutoa sauti, na kwamba mpaka leo sijui kama ni ugwe uliomnyamazisha au aliniamini mpaka mwisho. Nilipotoka nyuma ya nyumba dada alikuwa ameshajitwika kikapu cha mbegu. Tulipofika kisiwani akakiteremsha kikapu, akafukua mpunga, akamtoa mtoto wa jike yule, naye jike, ana umri wa wiki mbili hivi, vumbi la mpunga machoni.

"Huyu hajui kubweka bado," alisema. "Hamkusema wasiojua kubweka."

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Tulikaa kisiwani masika moja na kiangazi kilichofuata. Mtoto wa mbwa alilishwa uji kwa kidole cha dada, akakua juu ya dungu, mahali pasipozidi mikeka mitatu kwa mitatu. Maji yalipopanda hakuwa na ardhi ya kukanyaga. Alijifunza kushuka ngazi na kupanda ngazi kabla hajajifunza kukimbia. Na mimi, kwa hofu yangu, nilimtengenezea ugwe mdogo wa mdomoni, nikausokota kwa ukindu ule ule. Kila tuliposikia kasia lisilo letu, kila bunduki ilipolia mbali, kila mtu aliposema "Shh," mimi nilimfunga mdomo na kumlaza chini, nikamkandamiza kwa goti mpaka hatari ipite. Siku nyingine alifungwa mara nne. Siku nyingine kutwa nzima. Akafika umri wa kubweka, akapita, asibweke.

Tuliporudi kijijini tulikuta majivu, na kwenye majivu mbigili. Mbwa hawakuwapo, tuliwamaliza wenyewe. Waliokuwapo ni nguruwe. Walikuwa wamezaana katika mashamba yaliyoachwa na hawakumwogopa mtu tena. Watu wengi walikuwa wamezikwa kwa haraka, makaburi yasiyo na kina, na nguruwe walikuwa wamefika huko kabla yetu. Tulizika upya tulichokipata. Baada ya hapo hakuna aliyemtazama nguruwe kama zamani, kama mwizi wa mahindi tu.

Mwaka ule njaa ilikuwa mbaya. Mbegu tulizopanda zilikuwa zile za kwenye vikapu, na hakukuwa na nyingine nyuma yake. Shamba la dada lilikuwa la mwisho, kando ya kichaka. Alikuwa na watoto wawili wadogo. Mpunga ule ukiliwa, hakuna ndugu ambaye angeweza kumlisha, maana kila mmoja alikuwa na kiasi cha kufa polepole.

Wazee walituma watu upande wa Kibiti kutafuta mbwa, wakaletwa sita. Mjomba wangu, mtu mwenye kuchechemea na ulimi mkali, akafanywa mkuu wa msako. Desturi ya msako kwetu ni hii: nyumba inayotoa mkuki mmoja au mbwa mmoja, shamba lake linaingia ndani ya duara la wawindaji. Nyumba isiyotoa kitu, shamba lake hubaki nje, na nguruwe wanaofukuzwa kwenye duara hukimbilia huko huko. Dada hakuwa na mume wa kushika mkuki. Mimi sikuhesabiwa. Macho yangu tangu utoto hayaoni mbali, na mjomba alikwisha sema zamani kwamba nikirusha mkuki msiba utakuwa wa nyumba ya jirani. Kwa hiyo dada alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa, mbwa wake.

Asubuhi ya msako wa kwanza nilimpeleka mimi. Kwa kuogopa asije akamng'ata mtu, nilimfunga ugwe mdomoni. Niliona nafanya busara. Tulipotokea uwanjani wale mbwa sita walikuwa wamelala kivulini wakijikuna, njuga za shaba shingoni. Wakainuka kutusogelea kama mbwa wanavyosogeleana. Yule wa dada alisimama kama mti. Hakunguruma. Hakurudi nyuma. Nywele za mgongo zilisimama na mwili ukaanza kutetemeka kuanzia nyuma kuja mbele, macho yakawa meupe. Mbwa wa mjomba aliponyoosha pua kumnusa, ugwe ukakatika, na kufumba na kufumbua sikio la mbwa wa mjomba lilikuwa limechanika vipande viwili. Yote yalifanyika kimya. Mbwa wengine wakigombana hupiga kelele mpaka unajua lini wataacha. Huyu aling'ata kama mtu anayepigania roho yake gizani.

Tulimtoa kwa mpini wa jembe. Mjomba alikuwa akitweta.

"Hicho ni nini ulichoniletea, mwalimu? Mbwa au jini?"

"Mjomba, hajawahi kuona mbwa mwenziwe."

"Na leo kawaona, kawajua! Sikiliza. Mbwa anayeharibu wenzake kwenye msako huwa hafiki jioni, unajua hivyo. Nimemwacha kwa ajili ya mama yako tu. Mpunga ukianza kutoa mashuke tunaingia msako mkubwa. Siku hiyo mlete akae na wenzake, au usimlete, nije mimi kwake na mkuki. Kichaa kama huyu hazururi karibu na watoto."

"Na shamba la dada?"

Mjomba alitazama chini. "Shamba la dada yako liko kichakani," alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Sikulipanda mimi huko."

Nilirudi na mbwa nyuma ya nyumba, mahali pale pale, maana ndipo palipokuwa na kivuli. Nilimwosha damu. Kwa madhehebu yetu, ukiguswa na umajimaji wa mbwa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Nilikuwa na kanzu moja kuukuu ya kazi ya mbwa na nyingine ya sala, na kwenda mtoni kulikuwa kwingi. Dada alinipita na mtungi wake.

"Mdogo wangu, utaumaliza mto."

Lilikuwa neno la kwanza la mzaha kunitolea tangu siku tulipovuka. Kisha akamtazama mbwa, tabasamu likaondoka. "Watamuua na huyu?"

Nikasema, "Hapana, inshallah." Nikasikia jinsi neno lilivyotoka jepesi.

Nilianza kama ninavyoanza na mtoto wa chuo. Mtoto haingii juzuu siku ya kwanza. Anaonyeshwa alifu, anatulia na alifu, ndipo anaonyeshwa be. Nilifikiri, mbwa huyu namwonyesha mbwa mmoja, kwa mbali, mpaka atulie. Mbwa wa msako hawakufaa, walikuwa wakali na mjomba hakutaka wakaribiwe. Nikasikia kwamba njia ya kwenda Mbwara kuna bibi wa Kimatumbi aliyeshuka kutoka milimani na mbwa wake mzee. Nikaenda.

Bibi yule alikuwa amejenga kibanda kidogo kwenye mpaka wa mashamba. Jino moja mbele, tumbaku shavuni. Mbwa wake alikuwa jike, mdomo umeota mvi, amelala mlangoni kama kizingiti cha pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule mwalimu wa matopeni mwenye mbwa anayekula masikio?"

"Ndimi."

"Watu wa bondeni! Mnafuga samaki, mbwa mmewajulia wapi?"

"Ninyi wa milimani mnafuga mawe, bibi, na hayajakimbia."

Alicheka mpaka akatema tumbaku. Nikamweleza shida yangu, naye akakubali, kwa sharti kwamba kila nikija nimletee mtungi wa maji, maana kisima kilikuwa mbali na miguu yake ilikuwa mizee.

Mbele ya kibanda chake kilipita kijito cha maji ya matope yasiyonyweka, upana wake kama nyumba mbili. Bibi alikaa ukingo mmoja na mbwa wake, mimi nikaja ukingo wa pili na mbwa wa dada. Nilimfunga mdomo kwanza kwa ugwe ule ule, niliokuwa nimeuunga kwa fundo ulipokatika, kwa ajili ya usalama. Siku ya kwanza alitetemeka toka alipomwona mwenziwe mpaka tulipoondoka. Siku ya pili vile vile. Nilirudi nyuma hatua ishirini, halafu arobaini, mpaka jike wa bibi akawa kwangu mimi doa tu jekundu. Bado alitetemeka. Wiki mbili nilikwenda na kurudi na mitungi ya maji. Mpunga ulikuwa umefika magotini.

Siku moja bibi akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Mwalimu! Hivi wewe mgeni akija kwako unamziba mdomo ndipo umwambie karibu?"

"Namfunga asing'ate, bibi."

"Ang'ate nini na kuna maji hapa? Nimekuwa nakutazama. Unatoka pale kwenye mkorosho, anatembea vizuri. Unasimama. Unatoa kamba yako. Anaanza kutetemeka. Hajamwona hata mbwa wangu wakati huo! Anatetemekea kamba."

Nilisimama na ncha ya ugwe mkononi. Nilikuwa nimeiona hali hiyo kila siku kwa macho haya ya karibu, kwa sababu mdomo wa mbwa ulikuwa mikononi mwangu, na sikuielewa. Kwa mbwa yule, ugwe haukuwa kinga. Ugwe ulikuwa habari. Ulimwambia wanakuja, lala chini, usipumue. Kila nilipomfunga na kumwonyesha mbwa mwenziwe nilikuwa nikimfundisha kwamba mbwa ndio wale waliokuwa wakija kisiwani.

Nikaufungua. Mbwa alijilamba midomo, akapiga miayo, akanitazama. Kisha, polepole, akageuza kichwa na kuangalia ng'ambo, akaangalia tena pengine, kama mtu anayesoma maneno mageni. Nikampa kipande cha samaki mkavu. Akakila. Katika wiki mbili hakuwahi kula mbele ya mbwa yule.

Baada ya hapo mambo yalikwenda, ingawa si kwa kasi. Kila siku tulitembea, bibi ukingo wake na mimi ukingo wangu, kwenda upande mmoja, bila kuelekeana. Kila alipomwona jike mzee na kutulia, nilimpa kipande cha samaki. Akikaza mwili, nilirudi nyuma na sikumkaripia. Bibi alinipa kipande cha mkeka alichokuwa akilalia mbwa wake, nikakiweka pale alipolala wa dada. Alikizunguka siku nzima, jioni akalala ubavuni mwake, siku ya tatu juu yake. Ndipo tukatafuta mahali kijito kilipokuwa chembamba, na baadaye pale palipokuwa na daraja la mti mmoja, na mwisho tukatembea njia moja, bibi mbele na mimi nyuma, kisha mimi mbele na bibi nyuma.

Katika kutembea kule bibi alinisimulia ya kwake. Walijificha pangoni milimani, yeye na watu kumi na zaidi, na jike huyu.

"Walitaka nimuue," alisema. "Nikakataa. Nikasema mniue mimi naye. Basi wakaniacha nikae mdomoni mwa pango, ili nikifa nife wa kwanza."

"Naye hakubweka?"

"Alibweka! Siku ya tatu, askari wako chini ya kilima, akabweka kama mwehu. Nilifumba macho nikasubiri." Alitema tumbaku. "Hawakuja. Walisikia, nadhani. Labda walichoka kupanda. Labda walidhani ni mbweha. Mungu ndiye ajuaye."

Hakuniuliza tulifanya nini sisi. Nadhani alijua. Mtu wa bondeni anayerudi kutoka visiwani na mbwa mmoja tu asiyebweka ana habari inayojieleza. Nilibeba mtungi wake mpaka mlangoni, nikaondoka, na njia nzima nilikuwa nikisikia lile neno, hawakuja. Sisemi kwamba wasingekuja kwetu. Kisiwa si pango. Lakini tangu siku ile sikuweza tena kusema kwa hakika kwamba nilimuua jike yule kwa ajili ya watu. Nilikuwa na somo moja nikiwafundisha watoto, la mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga bila kumlisha. Kwa muda mrefu niliruka ukurasa huo. Mtoto mmoja akiuliza, nilisema tutaufikia.

Siku jike mzee na mbwa wa dada walipokutana pua kwa pua, mpunga ulikuwa kiunoni. Ilikuwa karibu na adhuhuri. Jike mzee alimkaribia kwa ubavu, kama asiyekuwa na haja naye, akamnusa nyuma, akasimama ili naye anuswe. Wa dada alitetemeka kidogo. Kamba ya shingoni niliiacha ilegee, ingawa mkono ulitaka kuivuta. Kisha akashusha kichwa, akanusa, na akamlamba mzee pembeni mwa mdomo, jinsi mtoto wa mbwa anavyomlamba mama yake. Hakuna aliyemfundisha hilo. Jike mzee akapiga chafya, akajilaza. Bibi akasema, "Haya, wameshajuana," akaingia ndani kupika. Mimi nilibaki pale nikilia, na machozi nikayafuta kwa mkono ambao ulikuwa haujaoshwa hata mara moja, achilia mbali saba.

Ikabaki wiki moja. Nilimsihi mjomba anipe mbwa wake mmoja kila siku, akanipa yule wa sikio lililochanika. "Huyo ndiye anayemdai," alisema. Tulikwenda kwa utaratibu ule ule, mbali, ubavu kwa ubavu, halafu karibu. Siku ya nne bunduki ililia mtoni, mzungu alikuwa akiwinda viboko. Mbwa wa dada alianguka chini palepale, akajikandamiza ardhini mwenyewe, mdomo umefumbwa, kama goti langu liko mgongoni mwake. Nilikaa kando yake nikasoma nilichokuwa nacho moyoni, mpaka alipoinuka. Mbwa wa mjomba alikuwa amekaa wakati wote huo, anatusubiri. Nilimshukuru kama unavyomshukuru mtu.

Msako mkubwa uliingia mashuke yakiwa mabichi. Nilimpeleka mdomo wazi, ugwe nimeuchomeka kiunoni mwangu, dada akifuata nyuma na watoto wake, maana alisema kama mbwa atauawa, safari hii yeye mwenyewe hatakuwa ndani ya nyumba. Uwanjani mjomba alisimama na mkuki wake umeinuliwa kidogo. Nilimzungusha mbwa kwa mbali kwanza, kama tulivyozoea, nikasogea, nikamwachia. Aliingia katikati ya wale sita. Walimnusa. Akanuswa, akanusa. Yule wa sikio lililochanika alimpita akitikisa mkia. Mjomba akakishusha kitako cha mkuki chini.

"Mfungeni njuga," alisema.

Shamba la dada likawa ndani ya duara.

Nilikaa na dada ukingoni mwa mpunga wake, chini ya dungu. Tulisikia njuga zikiingia kichakani, watu wakipiga makopo, mbwa wa Kibiti wakibweka huku na huku, sauti ambazo hatukuzijua na hazikutugusa. Kisha, kutoka ndani kabisa ya kichaka, ikatoka sauti nyingine. Mara mbili kwa mkato. Halafu ya tatu, ikivutwa juu, kama mtu anayeuliza swali.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kiunoni kutafuta ugwe. Niliona mkono wa dada umekwenda mdomoni mwa mtoto wake mdogo. Tulikaa hivyo, mimi na ugwe wangu, yeye na kiganja chake, watu wawili wazima katika mchana wa jua, tukisubiri kasia. Sauti ikarudi, mara mbili, na ile ya tatu. Mbwa yule alikuwa hajawahi kumsikia mama yake. Alikuwa mtoto asiyefungua macho vizuri mama yake aliponyamazishwa, lakini sauti ilikuwa ile ile, hata mkwaruzo wa mwishoni.

Dada akauondoa mkono polepole kwenye mdomo wa mtoto.

"Umemsikia?" aliniuliza.

"Nimemsikia."

"Ulimwita, akaja," alisema. Hakuwa akisema juu ya huyu wa kichakani. "Nilikuwa ndani, nilikusikia ukimwita kwa sauti nzuri."

"Ndiyo, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kulisema. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba. Nguruwe walitoka upande wa pili wa duara, na wawili wakaangushwa pale. Katika mpunga wa dada hakukuvunjika hata shina moja. Alivuna kidogo, lakini alivuna, na watoto wake wote wawili niliwafundisha mimi Kurani mpaka wakahitimu. Alhamdulillahi.

Ugwe ule niliuchimbia nyuma ya nyumba, mahali pale pale. Mbwa aliishi miaka mingi na alizaa mara tatu. Katika kila uzao alikuwapo mmoja mwenye sauti ile, na sasa iko vijiji kadhaa kando ya njia ya Kibiti, kwa watu wasiojua ilikotoka. Nikiisikia nikiwa njiani husimama. Vijana hudhani mzee anapumzika. Nasubiri ile ya tatu, inayouliza, ipite, kisha naendelea na safari.